Feni ya Gari Ikiungua: Tafuta Sababu Kabla ya Kubadilisha

SOMO LA UFUNDI
Kwa madereva na mafundi wa pwani: Mocímboa da Praia, Palma na Quionga



Katika somo hili tutazungumzia chombo kidogo ambacho wengi hukidharau, yaani feni inayopuliza hewa ndani ya gari. Wenzetu wengi hapa huiita kwa Kireno ventoinha. Tusiichanganye na feni ya rejeta inayopoza injini. Feni tunayoisema imefichwa chini ya dashibodi, mara nyingi upande wa abiria. Huvuta hewa ya nje kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, ikaisukuma miguuni, usoni na kwenye kioo chenyewe.

Wapo wenye magari wanaosema kwamba feni ni starehe, na kwamba dereva akisikia joto afungue dirisha. Hilo si kweli. Mvua za kaskazi zinaponyesha, kati ya Desemba na Aprili, madirisha hufungwa, na pumzi na nguo mbichi za abiria hujaza gari unyevu. Unyevu huo ukigusa kioo kilichopozwa na mvua hugeuka ukungu. Feni ndiyo inayoufukuza. Dereva wa chapa anayetoka Macomia kupitia Awasse kwenda Mocímboa da Praia usiku, akifuta kioo kwa kitambaa huku mkono mmoja uko kwenye usukani, anahatarisha watu wote aliowapakia. Kwa hiyo feni ni chombo cha usalama, kama breki na taa.

Jambo tunalotaka kila msomaji alishike ni hili: kitu kilichoungua si lazima kiwe ndicho chenye kosa. Fundi anayetoa mota iliyoungua na kuweka mpya bila kutafuta sababu ameahirisha moto tu.

1. GARI TUTAKALOLITUMIA KUWA MFANO

Tumechagua gari la michezo la zamani, Datsun 240Z, lililotengenezwa Japani tangu mwisho wa mwaka 1969 hadi 1973. Wazee wa Afrika Mashariki wanalikumbuka, maana lilishinda mashindano ya Safari mara mbili: mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda.

Magari ya namna hiyo ni machache katika pwani yetu. Lakini tuna sababu mbili za kulichagua. Kwanza, umeme wake ni rahisi kuufuata: betri, fyuzi za kioo, swichi, vizuizi vya mwendo, mota na waya zake, bila kompyuta yoyote. Pili, mpangilio huo huo umo katika pikapu na mabasi madogo ya zamani tunayoyatengeneza kila siku. Gari la michezo lina ugumu mmoja zaidi: ni fupi na dashibodi yake imebana, hivyo joto halina pa kutokea na mkono wa fundi hauna pa kupita. Anayeweza kuitengeneza feni ya gari hilo hatashindwa na ya pikapu.

2. UMEME UNAVYOPITA

Umeme hutoka betri, hupita kwenye fyuzi, ambayo kwa Kireno ni fusível, huzungusha mota, kisha hurudi betri kupitia bodi ya gari. Njia hiyo ya kurudi tunaiita ethi, na mafundi wa huku huiita massa. Katika magari mengi ya Kijapani swichi ya feni haikati umeme unaokwenda kwenye mota. Hukata upande wa ethi. Maana yake ni kwamba ufunguo ukiwa umewashwa, waya wa mota unaweza kuwa na umeme hata kama swichi ya feni imezimwa. Basi usikisie. Fuata waya kwa macho, au tumia mchoro wa gari kama upo.

Mwendo wa polepole hupatikana kwa vizuizi, ambavyo kwa Kireno huitwa resistência. Ni koili za waya zinazopunguza umeme unaofika kwenye mota. Kwa namba 1 umeme hupita koili zote. Kwa namba 2 hupita baadhi. Kwa namba ya mwisho haupiti koili hata moja. Koili hizi hupata moto sana, na ndiyo sababu kiwanda kimeziweka ndani ya njia ya hewa, ili feni yenyewe izipoze. Fundi asizihamishe na kuzifunga nyuma ya dashibodi kwa sababu ni rahisi kufikika. Huko zitayeyusha plastiki.

Tufanye hesabu kidogo. Mota ya wati 120 katika gari la volti 12 inakula ampea 10, kwa kuwa 120 ukigawa kwa 12 unapata 10. Sasa tuseme kiungo kimoja cha waya kimepata kutu na kina ukinzani wa omu 0.3 tu. Ampea 10 zikipita hapo, joto linalotokea ni 10 mara 10 mara 0.3, yaani wati 30. Chuma cha kulehemu cha fundi redio kina kiasi kama hicho. Kwa hiyo kiungo kibovu kisichozidi ukubwa wa ukucha ni sawa na chuma cha kulehemu kilichosahauliwa kinawaka katikati ya waya, chini ya dashibodi.

3. FYUZI INALINDA NINI?

Hapa ndipo wengi hukosea. Fyuzi huhesabu ampea, haihesabu joto. Katika mfano wetu wa kiungo chenye kutu, ampea hazikuzidi. Kwa kweli zimepungua kidogo kwa sababu ya ukinzani. Fyuzi haitakatika kamwe, na kiungo kitaendelea kuungua mpaka plastiki iyeyuke. Mtu anayesema "fyuzi ni nzima, kwa hiyo umeme ni mzima" hajaielewa kazi ya fyuzi.

Fyuzi imewekwa kulinda waya. Waya wa unene fulani unaweza kubeba ampea kadhaa bila kupata moto, na fyuzi huchaguliwa ili ikatike kabla waya haujaumia. Fyuzi ya ampea 15 ikikatika na fundi akaweka ya 30, au akaviringisha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au akafunga kipande cha waya, kuanzia hapo waya wa gari ndio uliogeuzwa kuwa fyuzi. Utakatika huo, lakini utakatika kwa moto, ndani ya fungu la waya nyingine. Katika gari la michezo fungu hilo liko karibu na mazulia na sponji za viti.

Katika magari ya zamani yenye fyuzi za kioo kuna ugonjwa mwingine. Vishikizo vya shaba vinavyobana fyuzi hulegea na kupata kutu ya kijani. Fyuzi hupata moto kwenye ncha zake na sanduku lake huyeyuka. Ukiona plastiki iliyogeuka rangi au kukunjamana karibu na fyuzi moja, ugonjwa uko kwenye vishikizo. Safisha kwa msasa laini, vibane vishike sawasawa, na kama vimepoteza nguvu ya kubana, badilisha sanduku.

4. KWA NINI FENI HUUNGUA KATIKA PWANI YETU

Sababu ya kwanza ni chumvi. Upepo wa bahari huipeleka kila mahali, nayo hula shaba na bati. Ethi ndiyo inayoumia mapema, kwa kuwa imefungwa kwa skrubu kwenye bodi ambayo yenyewe ina kutu.

Sababu ya pili ni majani na mchanga. Gari likilazwa chini ya mkorosho au mwembe, majani huingia kwenye matundu yaliyo chini ya kioo, hushuka mpaka kwenye feni, huoza na kushika maji. Mapanga ya feni hugongana na takataka hizo, mota hulemewa, na mota iliyolemewa hula ampea nyingi kuliko kawaida. Mota iliyozuiwa isizunguke kabisa hula nyingi kupita zote, na koili zake huungua kwa muda mfupi.

Sababu ya tatu ni bushi kavu. Mhimili wa mota huzunguka ndani ya bushi mbili zilizolowekwa mafuta kiwandani. Baada ya miaka mafuta huisha. Dalili yake ni mlio kama wa kinda la ndege asubuhi feni inapowashwa, unaopotea ikipata joto. Mlio huo ni onyo.

Sababu ya nne tunaijua sisi kuliko mafundi wa mahali pengine. Baada ya mji wa Mocímboa da Praia kutekwa Agosti 2020 mpaka ulipokombolewa Agosti 2021, na baada ya shambulio la Palma la Machi 2021, watu walikimbia na magari mengi yalibaki yamelala. Gari lililolala mwaka mmoja au miwili juani na mvuani si gari lililopumzika. Bushi zimekauka, brashi zimeganda, panya wamejenga kwenye njia ya hewa na kutafuna waya. Wenye gari wanaporudi huweka betri mpya na kuwasha kila kitu kwa pamoja. Fundi, usikubali. Kabla ya kuwasha feni ya gari lililolala, toa takataka, izungushe kwa mkono, na ukague waya zote unazoweza kuziona.

5. HATUA ZA KUTAFUTA UGONJWA

Andaa bisibisi, spana, taa ya majaribio na mita kama unayo. Kama umesikia harufu ya kuungua au umeona moshi, zima ufunguo na ufungue waya hasi wa betri kabla ya jambo lolote. Fungua milango hewa ipite, maana moshi wa plastiki ni mbaya kwa kifua. Kama hakuna kinachoungua tena, fuata hatua hizi.

Hatua ya 1. Betri ikiwa imefunguliwa, tazama na unuse. Fuata waya kutoka sanduku la fyuzi mpaka kwenye mota. Mahali palipobadilika rangi ndipo joto lilipoanzia.

Hatua ya 2. Zungusha feni kwa mkono. Ikiwa nzito au ikikwaruza, usiiwashe; itoe kwanza.

Hatua ya 3. Rudisha betri, washa ufunguo na swichi ya feni. Funga mkia wa taa ya majaribio kwenye bodi, gusa ncha zote mbili za fyuzi. Taa ikiwaka upande mmoja tu, fyuzi imekatika. Ikiwaka pande zote mbili, fyuzi inapitisha. Isipowaka popote, umeme haufiki hapo. Tafuta nyuma, kuelekea ufunguo.

Hatua ya 4. Jaribu namba zote za mwendo. Ikiwa namba ya mwisho inafanya kazi na za chini hazifanyi, mota ni nzima na vizuizi vimeungua. Ikiwa za chini zinafanya kazi na ya mwisho haifanyi, shuku swichi au waya wake.

Hatua ya 5. Pima volti kwenye nguzo mbili za mota wakati feni inazunguka kwa mwendo wa mwisho. Zingatia neno hili: wakati inazunguka. Ukichomoa plagi na kupima, kiungo kibovu kitakuonyesha volti 12 kamili, kwa kuwa hakuna mzigo unaopita. Mzigo ndio unaofichua ubovu. Ikiwa betri ina volti 12.5 na mota inapata 9.5, basi volti 3 zimepotea njiani. Pima kiungo kimoja baada ya kingine mpaka uzipate, na usisahau ethi.

Hatua ya 6. Kama umeme unafika na mota haizunguki, ichomoe na uipe umeme moja kwa moja kutoka betri, kwa waya wenye fyuzi ya ampea 15. Ikizunguka vizuri, rudi kwenye waya. Ikizunguka kwa shida na kutoa cheche nyingi, brashi au bushi zimechoka. Isipozunguka, brashi zimekwisha au koili imekatika.

6. KUTENGENEZA AU KUBADILISHA

Mota ya zamani mara nyingi inafunguka. Weka alama kwenye kifuniko na kwenye mwili wake ili uirudishe ilivyokuwa. Brashi za kaboni, ambazo kwa Kireno ni escovas, zikiwa fupi hazigusi tena shaba inayozunguka. Unaweza kutafuta brashi za mota nyingine zilizo kubwa kidogo na kuzisugua juu ya msasa mpaka zilingane na nyumba zake. Safisha shaba kwa msasa laini, kisha ondoa uchafu uliojaa kwenye mifereji yake kwa kijiti kikavu. Weka matone mawili ya mafuta mepesi kwenye kila bushi. Usizidishe, kwa sababu mafuta yakifika kwenye brashi yataiharibu tena kazi yako.

Koili zikiwa nyeusi na zinanuka vanishi iliyoungua, mota hiyo imekwisha, labda uwe na mtu wa kuisuka upya. Kupata mpya ya gari la miaka hiyo ni vigumu, na vipuri vinatoka mbali: Pemba, Nampula, au Mtwara kwa kuvuka Ruvuma. Kwa hiyo fundi hutafuta mota ya gari jingine. Linganisha mambo matano: volti, ampea, unene wa mhimili, upana wa mapanga, na upande inakozunguka. Jambo la mwisho wengi hulisahau. Feni ikizunguka kinyume bado itapuliza, lakini kidogo, na mwenye gari atarudi akilalamika. Kwenye mota ya sumaku za kudumu, badilisha waya mbili zilizo kwenye nguzo na itageuka.

Kama mota uliyoipata inakula ampea nyingi kuliko ya kwanza, usiipitishe kwenye swichi na waya wa zamani. Weka relei na waya mnene kutoka betri, wenye fyuzi yake karibu na betri, swichi ya zamani ibaki na kazi ya kuamuru relei tu. Ukifanya hivyo, vizuizi navyo lazima vilingane na mota mpya.

Mwisho wa kazi, iache feni izunguke kwa mwendo wa mwisho dakika 15. Kisha gusa kila kiungo, swichi na sanduku la fyuzi. Uvuguvugu ni kawaida. Kiungo kinachokufanya uondoe kidole hakijapona.

7. NENO KWA DEREVA

Mara nyingi dereva ndiye anayelaumiwa gari likiungua waya. Huambiwa kwamba ameharibu mali, na mshahara wake hutajwa. Tujilinde kwa maandishi. Feni ikianza kulia, kunuka au kukata fyuzi, andika siku hiyo hiyo katika daftari la gari, na umpe msimamizi nakala. Fundi akibadilisha kifaa, mwombe kile cha zamani na ukitunze. Brashi iliyokwisha au waya uliofungwa mahali pa fyuzi unaweza kueleza chanzo cha moto vizuri kuliko mabishano ya siku nzima.

Sheria ya Kazi ya Msumbiji namba 13/2023, iliyochukua nafasi ya ile namba 23/2007, inamtaka mwajiri aweke hali ya kazi iliyo salama, na inamtaka mfanyakazi afuate masharti ya usalama. Mwajiri anayetaka kutoa adhabu kubwa lazima kwanza ampe mfanyakazi hati ya mashtaka kwa maandishi, ile iitwayo nota de culpa, na mfanyakazi ana haki ya kuijibu. Usitie saini karatasi usiyoielewa. Ipeleke kwenye kamati ya chama mahali pa kazi, isomwe kwa lugha unayoijua.

Nawe dereva, timiza upande wako. Usimwombe fundi "aunganishe tu tufike". Mvua ikinyesha na kioo hakionekani, simama mahali salama mpaka ipungue. Abiria watanung'unika, lakini watafika.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini fyuzi inaweza kubaki nzima huku kiungo cha waya kinaungua?
2. Mota ya wati 180 katika gari la volti 12 inakula ampea ngapi? Je, fyuzi ya ampea 10 itafaa?
3. Feni inafanya kazi kwa namba ya mwisho tu. Utaanza kutazama wapi?
4. Gari limelala miezi 18 uani karibu na bahari. Taja mambo manne utakayoyakagua kabla ya kuwasha feni.
5. Mahali penu pa kazi, ni magari mangapi yana waya au karatasi mahali pa fyuzi? Yahesabuni, mwandike orodha, na mmpelekee msimamizi pamoja.